Ukitaka kujitolea kwenye nyumba ya watoto, nenda Januari

Desemba nyumba za watoto Nairobi hufurika wageni na keki zao. Januari, karo na sare zinapodaiwa, habishi hodi mtu. Wakati wako ni huo.

Kwanza omba kuona cheti cha usajili. Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, kwa hiyo kilichofunguliwa juzi kina maswali ya kujibu. Wewe nawe beba cheti cha tabia njema: unakiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unachukuliwa alama za vidole. Kituo kisichokidai, mimi ningekiogopa.

Viatu ndivyo huisha haraka, na saizi haikisiwi. Msimamishe mtoto juu ya kipande cha boksi akiwa na soksi, zungushia wayo penseli, ongeza upana wa kidole mbele, kata, andika jina, halafu shuka soko la Gikomba na vipande vyako. Ukimpima ameketi, wayo hautanuki, na kiatu kitambana kabla muhula haujaisha.

Picha za watoto mtandaoni? Hapana. Na masomo ya ziada ya Jumamosi, ahidi mbili kwa mwezi utakazotimiza, si nne utakazotoroka.