Mawe ya Katikati ya Mto

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimechoka na huduma, niseme tu ukweli, unatoka usiku kwenda kwa mgonjwa mvua inanyesha na hakuna hata anayejua, ukirudi unajiuliza hivi namfanyia nani haya yote. Sasa katika hali hiyo nikaona picha ya sanamu iliyoko Poole, Uingereza, kwenye makao makuu ya RNLI, wale watu wa kujitolea wanaookoa watu baharini tangu 1824. Mtu yuko kwenye boti, ameinama, anamvuta mwenzake kutoka majini. Na pale chini yameandikwa majina ya waliokufa wakiwaokoa wengine.

Nikakumbuka Yoshua 4, Waisraeli walipovuka mto Yordani wakachukua mawe 12 yawe ukumbusho kwa watoto wao. Yale mawe hayakuokotwa ukingoni, yalitolewa katikati ya Yordani, pale miguu ya makuhani iliposimama imara! Jiwe la ukumbusho linatoka pale mtu aliposimama penye hatari.

Tarehe 19 Desemba 1981 wanaume 8 wa RNLI wa kijiji cha Mousehole, Cornwall, hukohuko Uingereza, waliingia kwenye boti yao ya Solomon Browne kwenye dhoruba kali mno, kwenda kuokoa watu wa meli ya Union Star. Wakasema kwenye redio wameshapata wanne. Wakarudia wengine, na hapo redio ikanyamaza, hakupona mtu hata mmoja, wa boti wala wa meli. Mpaka leo kila tarehe hiyo taa za Krismasi pale bandarini zinazimwa saa nzima. Lakini kilichonivunja mimi ni hiki, ndani ya siku moja tu kijiji kilekile, maiti zingine hazijapatikana, kilishakuwa na watu wa kutosha kujaza boti nyingine.

Sasa sisi kanisa jamani! Tunajua sana kupiga makofi, tunajua kuchangia keki ya kumuaga mtumishi, ila ukiuliza nani anashika nafasi yake watu wote wanaangalia simu. Hapana wapendwa, tusifanye hivyo. Watoto watauliza "mawe haya maana yake nini?" na lazima awepo mtu wa kuwajibu ambaye miguu yake iliwahi kulowa.

Na wewe uliyechoka kama mimi, shika Waebrania 6:10, Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yako. Kesho kuna mgonjwa anakusubiri, nenda.