Jua la Kulipia

"Yaya, ile mashini, miye nikilala mule, ntakuwa mweusi kama weye?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo jioni moja tukifunga duka. Mkono mmoja kashika kufuli, mwingine simu, na kwenye simu kuna picha ambayo yaya Béa (yaya kwetu ni dada mkubwa) alikuwa ameitupa kwenye kikundi cha familia: kitanda kirefu chenye kifuniko, kimefunguka kama mdomo wa mamba, ndani taa za buluu zimepangwa moja kando ya nyingine. Chini yake yaya kaandika, "Bazungu banalipa juu ya kuungua," na vicheko vinne.

Familia nzima tulicheka. Yeye hakucheka. Ana miaka 19, ni wa mwisho kwetu, na kati ya sisi watano ni yeye peke yake aliyezaliwa na ualbino. Tangu utotoni watoto wa mtaa wanamwita muzungu. Sasa anaona mashini inayowafanya wazungu kuwa weusi, na swali lake, ukilifikiria vizuri, ni swali la mtu mwenye akili.

Ningeweza kumjibu "hapana" pale pale, tukaenda kula bukari. Lakini niliona aibu, kwa sababu kitanda kile nimewahi kukilalia mimi mwenyewe.

Ilikuwa Januari ya mwaka juzi, Brussels. Nilikwenda kwenye ndoa ya mtoto wa yaya Béa. Huko mwezi ule jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na ikifika saa kumi na moja jioni limekwisha zama, na hizo saa chache za katikati ni kama mtu amefunika sufuria. Wiki tatu sikuona kivuli changu. Nilikuwa nalala mchana, nalia bila sababu, nikidhani nimelogwa.

Yaya anafanya usafi kwenye nyumba moja ya vitanda vya jua, solariamu wanaita. Anafika kabla ya wateja, anapangusa kila kioo kwa dawa, anatupa makaratasi, anahesabu miwani. Siku moja nikamsindikiza. Mwenye nyumba alikuwapo, aliponiona nimejikunyata kwenye koti kama kuku aliyenyeshewa, akacheka, akasema nijaribu dakika nane, bure. Nadhani alitaka kuona mtu mweusi akilala mle ili apate la kusimulia.

Nikavua nguo, nikavaa vile vimiwani vidogo kama vijiko viwili vya chai, nikalala kwenye kioo. Kifuniko kikashuka. Taa zikaanza kunguruma kama transfoma ya umeme kule mtaani kwetu, feni ikapuliza, ikaja harufu ya mafuta ya nazi ya mteja aliyetangulia jana. Halafu joto. Joto linaloingia mgongoni polepole mpaka kwenye mifupa. Nilijiona Katuba, mtaani kwetu Lubumbashi, uani kwa mama, mwezi wa saba, asubuhi ya baridi ya kipwa (kiangazi), nimegeuzia jua mgongo ninabangua karanga. Dakika nane zilipokwisha sikutaka kutoka. Yaya alinigongea mlango mara mbili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza wazungu wanatafuta nini mle, sitajibu "ujinga". Niliwaona wateja wa siku ile walipoanza kuingia: bibi mmoja wa miaka sabini hivi mwenye kijimkoba, dereva wa basi akiwa bado na sare, msichana aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Bibi alimwambia yaya kwamba huko ndiko anakopata nguvu za wiki. Namwamini. Mionzi ile ikipiga ngozi, mwili unatoa kemikali zinazotuliza na kufurahisha, ndiyo maana wengine wanarudi na kurudi hata wanapojua hasara yake. Na rangi nayo ina maana yake. Zamani Ulaya tajiri alikuwa mweupe pe na mwamvuli mkononi, aliyeungua alikuwa mkulima. Siku hizi mkulima amegeuka mtu wa ofisini, na rangi ya kahawia inasema "nimetoka likizo, nina pesa".

Sisi tusicheke sana. Duka langu liko hatua chache kutoka soko la Kenya (ni mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), nauza mafuta, shampuu, mesh za kusuka. Kwa miaka sita niliuza pia mirija ya kujichubua, na mteja wa kwanza nilikuwa mimi. Hidrokwinoni, na ile mingine ya steroidi ambayo daktari anaandikia mtu mwenye ugonjwa wa ngozi, sisi tunaipaka kama losheni ya asubuhi. Nilipata uso wa Fanta na vifundo vya vidole vya Koka, kama wanavyotania. Mwaka wa nne ngozi ya mashavu ikawa nyembamba hadi nikipika karibu na moto inawaka yenyewe. Niliacha kupaka, kisha nikaacha na kuuza. Mauzo yalishuka karibu nusu, na hadi leo kuna mama anayepita mlangoni akiniita "yule aliyeokoka". Sasa mtu wa namna hiyo anamfundisha nini kijana wa miaka 19 kuhusu kupenda rangi yake?

Ndiyo maana nilimwambia anipe siku mbili. Nikasoma, nikampigia yaya, nikamuuliza mfamasia wa hapa jirani.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni nguvu ya mashini yenyewe. Kuna kipimo cha mionzi ya urujuanimno, kile unachokiona kwenye simu sehemu ya hali ya hewa. Sheria za Ulaya zinasema kitanda kisivuke nguvu iliyo sawa na kipimo cha 12. Na 12 ni nini? Ni jua la saa sita mchana la nchi za joto. Ni jua letu la Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua mjini na wauza maji wakijificha chini yake. Yule bibi analipa euro ili alale uchi kwenye jua la Lubumbashi! Jua lile lile ambalo tumekuwa tukimficha mdogo wetu tangu siku aliyozaliwa.

Tofauti moja ni kwamba taa zile zimeegemea zaidi kwenye mionzi inayoitwa UVA, inayozama ndani ya ngozi, inayoleta makunyanzi mapema. Ile ya UVB, inayosaidia mwili kutengeneza vitamini D, ni kidogo. Kwa hiyo wanaosema "naenda kutafuta vitamini" wangepata faida zaidi kwa samaki wa mafuta au kidonge. Na wale wanaosema "najibabua kidogo kwanza ili nikifika pwani nisiungue", hesabu yao ni mbaya: rangi ile inakinga kama krimu ya jua ya namba 3 au 4 tu.

Mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, liliviweka vitanda hivi katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni kundi la tumbaku na asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema anayeanza kuvitumia kabla ya miaka 35, hatari yake ya kupata melanoma, ile saratani ya ngozi iliyo kali, inapanda kwa asilimia 59. Brazili ilivipiga marufuku mwaka huo huo wa 2009. Australia nayo baadaye ikafunga biashara hiyo, na Australia wanalijua jua.

Mama aliposikia nazungumza na yaya kwenye simu akasema saratani ya ngozi ni ya wazungu, tuache kuita mabaya. Nikamkumbusha Bob Marley. Melanoma ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ingawa, kusema kweli, hiyo ya Marley haikutokana na jua, sisi weusi mara nyingi inatupata nyayoni, viganjani na kwenye kucha, mahali jua halifiki. Kwa hiyo nilishinda ubishi kwa hoja isiyohusika. Mama hakujua.

Siku ya pili nikamkalisha mdogo wangu nyuma ya kaunta.

Nilimwambia hivi. Mionzi ikiingia kwenye ngozi inavunja vitu ndani ya chembe hai za mwili, mle ambamo maagizo ya mwili yameandikwa. Chembe ikiona imevunjwa inapiga filimbi, kama sentinele, mlinzi wa usiku. Ndipo chembe nyingine zinatoa melanini, ile rangi, inaenda kufunika kiini kama mwamvuli. Kwa hiyo mzungu anapotoka mle akiwa wa kahawia, ile rangi ni alama kwamba wezi walikwisha ingia. Na wewe, sentinele wako anapiga filimbi vizuri kabisa, lakini hakuna anayetoka na mwamvuli.

Akanyamaza. Kisha akakunja shati mpaka kwenye kiwiko, akanionyesha mkono. Juu ya ngozi ile nyeupe-waridi kuna madoa ya kahawia, mengine madogo kama mbegu za ufuta, mengine mapana kama kucha, yana kingo zilizochanika-chanika. Ameyapata kidogo kidogo tangu akiwa na miaka kumi hivi. "Na haya?" akauliza. "Haya si rangi inakuja?"

Sikujua kwamba alikuwa anayahesabu. Miaka yote hii, kumbe alikuwa anasubiri yaungane.

Nikamweleza kwamba madoa yale hutokea kwa watu wengi wa ualbino wa aina yake, ile iliyo ya kawaida zaidi Afrika, na yanatokea hasa pale jua lilipopiga sana. Hayataungana. Alivuta shati taratibu, akafunga kifungo cha mkononi.

Halafu nikamwambia kitu ambacho yaya Béa alinisomea kutoka kwenye tangazo la ukutani kazini kwake. Madaktari wamegawa ngozi za watu katika aina sita, kuanzia ile inayoungua tu bila kubadilika rangi hadi nyeusi kama yangu. Sheria ya Ubelgiji inakataza kitanda cha jua kwa walio chini ya miaka 18, na inakikataza kwa ngozi ya aina ya kwanza, umri wowote. "Ungesafiri mpaka kule na pesa mkononi," nikamwambia, "wangekurudisha mlangoni."

Hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza. "Hata bale bauzaji ya jua banikatale!"

Tulikumbuka Juni 30 moja, siku ya uhuru wa Kongo, alipokuwa na miaka minane, shule ilipowapanga kwa gwaride. Asubuhi ilikuwa ya baridi, kila mtu na sweta, kwa hiyo hakuna aliyefikiria jua. Jua la kipwa halina moto, ndivyo tunavyojidanganya, wakati mionzi haina habari na baridi. Alisimama kwa muda wa karibu saa tatu nzima bila kofia kwa sababu kofia ingeharibu mstari. Usiku ule mama alimlaza kifudifudi, shingo imejaa malengelenge, mimi nikipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Baada ya hapo ndipo tulipojifunza krimu ya kukinga jua, na bei yake. Mtu mzima anayejipaka inavyotakiwa, mwili mzima, anamaliza chupa ya mililita 200 kwa wiki au chini. Kwetu chupa moja ilikuwa inakaa miezi mitatu. Tulikuwa tunampaka kama mtu anayepaka siagi ya mwisho wa mwezi. Tanzania, kule Moshi, wanatengeneza krimu iitwayo Kilisun maalumu kwa watu wenye ualbino. Nasi hapa, mji wa shaba na kobalti, tunasubiri mtu anayetoka Afrika Kusini na begi.

Yaya Béa, yeye hapendi maneno mengi, alituma kifurushi na jamaa aliyekuwa anarudi. Chupa nne za namba 50, na mrija mmoja wa povu la kahawia. Lile povu halina mionzi. Ni sukari fulani, dihidroksiasetoni, inayokamatana na ngozi iliyokufa juu juu na kuitia rangi. Haidhuru kama kitanda, lakini pia si kinga ya jua ya kutegemea.

Alipaka usiku, mkono wa kushoto tu, kuanzia kiwiko. Chumba kikanuka biskuti zilizoungua. Asubuhi akaja dukani mbio. Mkono ulikuwa na rangi kati ya mawese na chai ya rangi, kiganja nacho kimeshika kwa sababu hakuvaa glavu, na palipokuwa na madoa pamebaki madoa. Akauweka kwenye kaunta kati ya mkono wake wa kulia na wa kwangu. Tuliangalia. Mteja aliyekuwa anachagua mesh naye akasogea kuangalia, akauliza ninauza bei gani.

Siku ya sita ulianza kutoka vipande vipande kama chokaa ya ukuta wenye unyevu.

Sasa anataka mrija mwingine, kwa ajili ya picha za harusi ya binamu yetu mwezi wa kumi. Nimekubali, kwa sharti kwamba ya namba 50 inakwenda juu yake na kofia inakwenda harusini. Krimu amekubali. Kofia tungali tunabishana.