Taa iliyotushusha kwenye ndege

Jamani juzi natoka Mwanza narudi Dar, ndege ishashika kasi mara breki kaliii, simu ya mama wa pembeni yangu ikateleza mpaka siti ya mbele. Kapteni akasema kuna taa ya tahadhari imewaka tunarudi tukaangaliwe. Yule mama akanung'unika, "Taa tu baba? Si angezima tukaenda?" nikacheka ila na mimi nilikuwa natetemeka.

Basi nikaanza kusoma. Kumbe kwenye Boeing nyingi, kabla ya spidi ya kama kilomita 150 kwa saa wanasimama hata kwa hitilafu ndogo, ikizidi hapo hawasimami ovyo, labda moto, injini ife, au waone kabisa ndege haitaruka salama, maana kusimama kwa kasi hiyo nako ni hatari, matairi yanaweza kupasuka na ranwei ikaisha. Halafu kuna V1, yaani spidi ya mwisho ya kuamua kusimama, wanaipigia hesabu kila safari kwa uzito, joto na urefu wa ranwei. Ikifika tu kapteni anatoa mkono kwenye zile levo za injini, hapo hata injini moja ife mnapaa nayo, matatizo mtayamalizia juu.

Kilichonitisha zaidi ni ile ajali ya ndege ya Spanair, shirika la Hispania, ikipaa Madrid, Agosti 2008. Flapu, vile vibao vya kwenye mbawa vinavyosaidia ndege kupaa, hazikuwa zimeshushwa na alamu ya kuwastua haikulia. Walikufa watu 154.