Kiingilio cha Upepo

Ngazi ya nne kutoka chini, upande wa kushoto unapolitazama ziwa, ndipo ninapokaa, na wanaonifahamu wameacha kuniuliza kwa nini nawahi namna ile. Ukumbi wenyewe wa muziki na ngoma ni mdogo. Una ngazi tisa za mawe na saruji zilizojengwa kwa kufuata mteremko wa kilima, jukwaa lililo chini kabisa na kulipa ziwa mgongo, na juu ya ngazi ya tisa kuna uwanda wa nyasi unaopanda hadi kwenye jabali lenye ukubwa wa nyumba, ambalo wajenzi, kwa busara au kwa kushindwa kulivunja, waliliacha palepale. Ngazi zikijaa hubeba watu wasiozidi 300, na wengine hutandika kanga nyasini. Hakuna paa wala ukuta. Kwa jinsi Mwanza ilivyojaa miamba, mgeni anayepita mchana anaweza kudhani ni machimbo ya kokoto yaliyotelekezwa.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nakaa huko nyasini, chini ya jabali, kwa sababu ambazo kila mtu anazo: huko ndiko waliko akina mama wanaouza karanga, matobolwa na sato wa kukaanga, ndiko liliko lango la kutokea, na anayechelewa halazimiki kupita mbele za watu akiomba radhi. Nilirudi nyumbani usiku mwingi nikiamini kwamba wanamuziki wetu huanza vizuri na kumaliza vibaya. Nyimbo za kwanza zilinifikia zikiwa kamili, kila silabi mahali pake, lakini za mwisho zilifika zimekonda, maneno yamemezwa, na zeze limebaki kijimlio kama cha redio ya jirani. Nilimlaumu fundi mitambo kimoyomoyo, na siku moja nilimlaumu kwa sauti, jambo ambalo nalijutia hadi leo, kwa kuwa hakuwa na kosa lolote.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, mvuvi wa dagaa, ambaye mara nyingi husikiliza maonesho hayo akiwa majini. Uvuvi wa dagaa hufuata mwezi. Siku za giza wavuvi huingia ziwani na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi zikiwa za sola, kwa sababu dagaa huvutwa na mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa hukosa nguvu ya kuwakusanya, hivyo mitumbwi hupumzika mwaloni na wenyewe hushona nyavu. Maonesho yetu hufanyika mara mbili kwa mwezi, na kwa kawaida moja huangukia mbalamwezi na jingine giza. Katika lile la mbalamwezi mjomba huketi kando yangu akiwa amevaa shati lake la kanisani. Katika lile la giza, sisi tulio kwenye ngazi huona, nyuma ya mabega ya wacheza ngoma, safu ndefu ya taa juu ya maji kana kwamba kuna mji mwingine ng'ambo, na moja ya taa hizo ni yake.

Asubuhi moja baada ya onesho la giza nilimkuta mwaloni akianika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wale vijana wa bugobogobo jana walicheza hasa."

Nilishangaa, maana mimi niliyelipa kiingilio kuiona bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, nilikuwa nimeambulia nusu tu. Nikamuuliza alisikia akiwa wapi.

"Hukohuko kwenye nyavu. Usiku upepo unatoka kwenu unakuja kwetu. Ninyi mnakaa upande unakotoka, halafu mnauliza muziki umekwenda wapi."

Tangu siku ile nikaanza kuutazama upepo kama mvuvi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi, ndiyo maana alasiri moshi wa majiko ya wakaanga samaki ufukweni huelekea mjini. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na mwendo hugeuka. Kwa kuwa jukwaa letu liko upande wa maji, jioni sauti hupanda kilima ikisindikizwa na upepo, na usiku hupanda ikikabiliana nao. Upepo haurudishi sauti nyuma kama unavyourudisha mtumbwi, kwani sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, na upepo wa kawaida wa usiku haufiki hata mita kumi. Kinachofanyika ni kwamba huipinda. Karibu na ardhi upepo hupunguzwa kasi na mawe, majani na vichwa vya watu, ilhali juu huenda bila kizuizi. Sauti inayoukabili hupindwa kuelekea juu na kuwapita walioko mbali, na ile inayofuatana nao huinamishwa chini ikawafikia. Mtu wa ngazi ya nne hatambui tofauti yoyote. Mtu wa nyasini, ambaye kwa hesabu ya miguu yangu yuko hatua 90 kutoka jukwaani, huitambua sana. Tena kule juu kuna mikaratusi mitatu, na upepo ukishageuka, majani yake hunong'ona bila kukoma juu ya kichwa chako. Nusu ya lawama nilizomtupia fundi zilistahili kwenda kwa mikaratusi.

Kwa hiyo saa nzuri ya ukumbi huu ni fupi. Inaanza jua linapokaribia kuzama, yapata saa kumi na mbili na nusu, wakati upepo wa ziwani umelegea lakini haujafa, na inakwisha kama saa mbili usiku. Nimewahi kuipata yote mara chache tu, na moja sitaisahau. Wa kwanza kupanda jukwaani alikuwa mzee kutoka Ukerewe na nanga yake, ala ya muziki ya nyuzi, ambayo wengi wa vijana waliokuwapo hawakuwa wameiona kabla ya hapo. Ni kipande cha mti kilichochimbwa mithili ya hori dogo, na ukiitazama kwa karibu unagundua kwamba zile nyuzi saba ni uzi mmoja tu, uliopitishwa kwenda na kurudi kwenye mapengo ya kingo mbili za ubao. Wa kwake ulikuwa mshipi wa kuvulia. Aliipakata magotini, akagusa uzi wa tatu, akakunja uso, akaukaza kwa kidole gumba, akagusa tena. Alirudia hivyo labda dakika mbili nzima, na hakuna aliyepiga kelele, kwani tulikuwa karibu kiasi cha kuuona ukucha wake ukitafuta mahali pa kushika. Alipoanza kuimba, aliimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni sebuleni. Katikati ya ubeti kivuko cha Kamanga kikapiga honi. Mzee alinyamaza, akaiacha honi iishe, kisha akauanza ubeti upya kutoka mstari wa kwanza, bila tabasamu, kama mtu aliyekatizwa na mkubwa wake. Mikrofoni ilikuwapo, lakini fundi, yuleyule niliyemwonea, aliipunguza sauti kiasi kwamba niliweza kusikia mama aliye nyuma yangu akimenya karanga.

Najua kuna kumbi za wazi zenye sifa kubwa kuliko huu wetu. Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limefanyika kwa miaka mingi, ina kuta nene pande zote, na upepo wa bahari hauna pa kupita. Rafiki yangu mmoja hupenda kunisimulia habari za Epidaurus huko Ugiriki, ukumbi wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ambako inasemekana sarafu ikiangushwa jukwaani hutambulika hata na aliyekaa juu kabisa. Watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walitangaza mwaka 2017 kwamba walikwenda na vipimo vyao wakakuta mambo ya kawaida zaidi: walioketi mbali huweza kusikia kwamba kuna kitu kimelia, lakini hawawezi kujua kuwa ni sarafu. Nikiri kwamba nilifarijika.

Hata hivyo mfano ninaourudia mara nyingi zaidi ni wa jirani. Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, ndiko zinakofanyika sherehe za Bulabo, kwa kawaida mwezi Juni, zinazofungamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Huko hushindana makundi ya ngoma ya Kisukuma ya Bagika na Bagalu, ambayo asili yake hupelekwa kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Umati haukai. Unasikia ngoma imechangamka upande wa pili, au umeona mtu kanyanyua chatu, unakimbia. Nilipokuwa mtoto nilidhani hiyo ni fujo. Sasa naona kwamba pale msikilizaji huifuata sauti iliko, wakati sisi tulionunua tiketi hutulia tulipo na kuidai itufuate.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu, na ni moja tu. Tiketi husema saa kumi na mbili jioni. Onesho huanza saa mbili na nusu, mara nyingine saa tatu, baada ya kumsubiri mgeni rasmi, kisha kusubiri ngazi zijae, kisha kuwashukuru wafadhili kwa majina. Saa nzuri yote huisha tukitazama viti vitupu vya jukwaani na kuwafukuza wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi na kuzizingira taa. Wanamuziki wanapoanza, upepo umeshageuka, walio nyasini wanapaza sauti kwamba hawasikii, na fundi analazimika kuongeza spika hadi sisi wa ngazi za chini tunaziba masikio. Nanga haivumilii spika iliyopandishwa hivyo. Hugeuka mlio wa bati. Nilimweleza mwandaaji mmoja habari hizi kwa adabu, nikamchorea na upepo kwenye mgongo wa tiketi. Akanijibu kwamba watu wetu hawaji mapema. Nikamwambia wale akina mama wa karanga huwa wameshafika saa kumi na moja, na hao hawajawahi kupewa ratiba. Alicheka, akaikunja ile tiketi akaitia mfukoni, na onesho lililofuata likaanza saa tatu kasoro dakika kumi.

Hilo lilikuwa la giza. Radi za mbali zilikuwa zikimulika juu ya ziwa bila ngurumo, kama zinavyofanya usiku mwingi, na taa za wavuvi zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Nafasi yangu ya ngazi ya nne ilikuwa imechukuliwa na familia moja yenye watoto wanne, hivyo nikapanda nyasini kwa shingo upande, nikavumilia nyimbo tano nilizozisikia kwa vipande, na kabla ya ngoma ya mwisho nikatafuta bodaboda.

Asubuhi nilipofika mwaloni mjomba alikuwa ameshamwaga dagaa juu ya nyavu na kuwasambaza kwa ufagio. Hakuningoja nimwamkie vizuri. Alitaka kujua ni kwa nini bugobogobo wameirudia ngoma ya mwisho mara mbili, maana aliisikia ikikatika, vikafuata vigelegele, kisha ikaanza tena kwa kasi zaidi, na kwa umbali aliokuwapo, karibu kilomita moja, majembe yalionekana yakirushwa juu kwenye mwanga wa jukwaa na pigo lake likamfikia sekunde tatu baadaye, jabali nalo likilitupa tena pigo lilelile upande wake. Ikabidi nimwambie kwamba nilikuwa nimeshaondoka.

Alinitazama, akachota dagaa kopo moja, akanimiminia kwenye mfuko, akasema safari ijayo kiingilio changu nimpelekee yeye.