Gari moja jangwani majira ya baridi: panga kuanzia siku gari litakapogoma

Safari ya jangwani kwa gari moja hupangwa kuanzia mwisho wake mbaya. Gari limezima, au limezama mchangani mpaka kwenye difu, ile gia ya katikati ya ekseli. Barabara ya karibu yenye watu iko kilomita 80. Jua linazama, na usiku utashuka hadi nyuzi 6 chini ya sifuri. Maji, mafuta, spea na njia yenyewe vipimwe kwa hali hiyo. Magari yakiwa mawili, lingine huvuta, huazima betri, hupeleka mtu hospitali. Likiwa moja, kazi zote hizo lazima ziwe zimeshafanyika kwenye karatasi kabla ya kuondoka.

Anza na ramani. Ikate njia katika vipande, na kila kipande kiwe na mahali pa kutokea: barabara, kisima chenye watu, kituo cha walinzi wa hifadhi. Ukiwa katikati ya kipande kigumu, tangini lazima kuwe na mafuta ya kurudi ulikotoka, hata kama nia yako ni kusonga mbele. Wengi hupiga hesabu ya kwenda tu, kisha korongo lililobomoka au vilima vya mchanga visivyopitika huwageuza wakiwa na robo tangi.

Baridi ina hila yake juu ya ardhi. Mabonde ya chumvi, kama Chott el Djerid kule Tunisia, hupata mvua wakati huu wa mwaka. Juu huonekana pakavu na peupe, chini ni tope linalomeza ekseli. Mahali ambapo usiku huganda, tope la alfajiri hubeba gari vizuri kabisa, kisha jua likipanda linayeyuka. Unapita saa 2 asubuhi bila shida, na saa 8 mchana njia hiyo hiyo haikurudishi. Kwa gari moja ushauri wetu ni mmoja: bonde la chumvi lizunguke, hata kama mzunguko ni kilomita 60. Mchanga, kinyume chake, huwa rafiki zaidi msimu huu. Ukiwa na unyevu na baridi ya asubuhi hushikana, kwa hiyo vuka vilima mapema.

Mchana nao ni mfupi. Kwenye latitudo ya nyuzi 30, siku fupi kuliko zote ina mwanga wa muda wa saa 10 hivi. Kwenye nyuzi 45, kama kaskazini mwa Gobi huko Mongolia, ni chini ya saa 9. Ondoa muda wa kupasha injini, kukunja kambi na kupima upepo wa matairi, kisha simama saa mbili kabla ya jua kuzama ili kama kuna la kuchimba au kufungua, ulifanye ukiona. Kinachobaki ni saa 6 za kuendesha, au pungufu. Kwenye mchanga laini mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa ni wa kawaida. Panga kilomita 70 kwa siku katika sehemu hizo, wala usijidanganye na 150.

Mafuta na maji

Tuchukue mfano wa watu wawili, siku 7, na siku 3 za akiba, kwa gari la dizeli. Njia ina kilomita 400 za changarawe, lita 15 kwa kila kilomita 100, yaani lita 60. Kuna kilomita 300 za mchanga, na hapo gari hilo hilo linaweza kunywa lita 22, yaani lita 66. Jumla 126. Ongeza asilimia 30 ya kupotea njia, kurudi nyuma na kukwamuka: unafika 164. Hita ya dizeli ikiwaka saa 8 kwa usiku, lita 0.15 kwa saa, kwa siku 10, inakula lita 12. Sasa unahitaji 176. Tangi la lita 90 na madumu matano ya lita 20 yanatosha. Dumu lisijazwe hadi mdomoni, kwa sababu mafuta hutanuka jua likipiga.

Tatizo kubwa la dizeli ni nta iliyomo ndani yake. Dizeli ya majira ya joto huanza kufanya ukungu karibu na nyuzi sifuri au chini kidogo, na chembe za nta huziba filta. Dalili yake inajulikana: injini inawaka vizuri, inakwenda dakika chache kwa mafuta yaliyokuwa kwenye mabomba, kisha inakosa nguvu na kuzima. Hutokea sana kwa anayejaza tangi bondeni kwenye joto na kulala mlimani, maana joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hata ukingo wa Sahara huganda: mji wa Ain Sefra nchini Algeria, ulio kwenye kimo cha mita 1,000 hivi, uliangukiwa na theluji Januari 2018.

Tafuta dizeli ya majira ya baridi kwenye kituo cha mwisho kinachoiuza, na dawa ya kuzuia kuganda itie mafuta yakiwa bado safi. Nta ikishaganda, dawa nyingi haziirudishi. Beba filta mbili mpya pamoja na spana yake. Ikiziba, badilisha filta, ijaze mafuta yenye dawa, na funga kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwenye kikombe chake. Moto wa wazi usikaribie hapo. Na ile mbinu ya zamani ya kuchanganya petroli kwenye dizeli isahau kama injini yako ni ya komonreli, yaani dizeli ya kisasa inayosukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa: pampu yake hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huila.

Maji ni lita 5 kwa mtu kwa siku, pamoja na kupika. Watu wawili kwa siku 10 ni lita 100, yaani kilo 100. Usipunguze kwa sababu ni baridi. Hewa ya jangwani ni kavu, kiu haisikiki, na mwili unaendelea kupoteza maji kwa pumzi. Yagawe kwenye madumu ya lita 10, ili likipasuka moja upoteze sehemu ya kumi tu. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, kwa hiyo kila dumu liachiwe nafasi. Kama gari lina tangi na pampu ya maji, kinachopasuka kwanza ni pampu na mabomba membamba; toa maji yaliyobaki humo kila jioni. Kisha jaza birika na uliweke juu ya jiko kabla ya kulala. Asubuhi madumu yakiwa mawe, barafu ya birikani inayeyukia pale pale kwenye moto.

Mafuta lita 190 ni karibu kilo 160, na maji 100. Hizo ni kilo 260 kabla ya vyakula, vifaa na watu. Pima gari kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu, ulinganishe na uzito wa juu ulioruhusiwa na mtengenezaji. Maji yakae chini, katikati ya ekseli mbili. Juu ya paa weka vyepesi tu.

Betri, injini na matairi

Betri ya risasi na asidi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na kama nusu ya uwezo wake, wakati huo huo oili imekuwa nzito na stata inadai umeme mwingi zaidi. Ikipumzika, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na iliyokwisha kabisa inaweza kuganda na kupasuka kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Betri za lithiamu za aina ya LiFePO4 zina sharti jingine: hazichajiwi zikiwa chini ya sifuri, kwa sababu lithiamu hujipaka kama chuma kwenye ncha hasi ndani ya betri na kuiharibu milele. Ziweke ndani ya gari, zenye kinga inayokata chaji, au zenye kipasha joto chake.

Waya za kuazimia moto hazina maana bila gari la pili, isipokuwa una betri mbili na unaunganisha yako kwa yako. Beba kifaa cha kuwashia chenye betri yake, na usiku kilale pamoja nawe ndani ya begi la kulalia. Egesha gari boneti ikitazama mawio, injini ipate jua la kwanza. Kama umevuka maji, usivute hendibreki usiku, maana huganda ikashika; acha gari kwenye gia na uweke mawe magurudumuni.

Kulanti, yaani dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda, iwe nusu kwa nusu na maji safi. Mchanganyiko huo hulinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na kuzidisha dawa kupita asilimia 70 hupunguza kinga. Mikanda na mipira ya rejeta ibadilishwe kabla ya safari, kisha ile ya zamani iliyo salama ndiyo iwe spea. Hiyo unajua inaingia, maana ilikuwa hapo. Ongeza oili lita 5, fyuzi, rilei, gundi ya chuma, waya, mishipi, vifaa vya pancha na matairi mawili ya akiba.

Upepo wa matairi unahitaji uangalifu wa kila asubuhi. Tairi lililopashwa na mwendo hadi nyuzi 35 na kusoma psi 16 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) jioni, alfajiri ya nyuzi 5 chini ya sifuri litasoma kama psi 12. Ukikata kona kali hapo, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Pima likiwa baridi, kabla ya kusogea. Kwenye mchanga anza na psi 16 hadi 18, ukinasa shuka hadi 12, na 10 iwe ya dharura kwa mwendo wa polepole bila kona. Kompresa ni ya lazima, na iwe imejaribiwa kujaza matairi yote manne mfululizo bila kuungua.

Kujikwamua peke yako

Kamba ya mnyumbuko, ile ya kuvutwa kwa kishindo, iache nyumbani. Inahitaji gari la pili, kwako ni uzito mtupu. Chukua sepetu mbili, mbao nne za kukwamulia, jeki na ubao mpana wa kuikalisha, na winchi, mashine ya kuvuta kwa kamba, yenye nguvu mara 1.5 ya uzito wa gari lililojaa.

Gurudumu likianza kuzunguka bila kwenda, ondoa mguu hapo hapo. Sekunde tano za ubishi ni saa nzima ya kuchimba. Toa mchanga mbele ya magurudumu yote na chini ya chesisi, shusha upepo, ingiza mbao, kisha toka kwa gia ya chini bila papara. Mara nyingi hiyo inatosha. Angalia pia bomba la moshi: likiwa limefukiwa, moshi huingia ndani.

Ikishindikana na hakuna jiwe wala mti, tairi la akiba ndilo nanga yako. Chimba shimo la kina cha mita moja, mbele ya gari kwa urefu wa kamba ya winchi. Ukuta wa upande wa gari uwe wima. Pitisha chuma imara nyuma ya rimu na mnyororo katikati yake, simamisha tairi likiegemea ukuta huo, na ukate mfereji mwembamba unaoteremka kutoka uso wa ardhi hadi mnyororo ulipo. Mfereji huo ndio unaosahaulika. Bila huo kamba hulivuta tairi kwenda juu, nalo hung'oka. Fukia, kanyaga kwa tabaka, kisha vuta polepole injini ikiwa inawaka. Tandika blanketi juu ya kamba na usisimame kwenye mstari wake. Tenga saa mbili za mwanga kwa kazi yote.

Usiku

Usilale ndani ya korongo; mvua iliyonyesha mbali usikoiona huweza kulijaza. Usilale pia kwenye sakafu ya bonde, ambapo hewa baridi hujikusanya. Panda mteremko makumi machache ya mita, upande uliokingwa upepo. Begi la kulalia lichaguliwe kwa kiwango cha starehe, si kile cha mwisho cha kuvumilia, na liwe chini ya baridi unayotarajia kwa nyuzi 5. Godoro ni muhimu sawa na begi, kwani ardhi hunyonya joto usiku kucha.

Gesi ya butani haigeuki mvuke chini ya nyuzi nusu hivi chini ya sifuri. Isobutani hufika kama 12 chini, propani 42 chini. Kwenye kopo la mchanganyiko propani hutoka kwanza, ndiyo maana kopo jipya huwaka vizuri na likifika nusu hugoma. Jiko la petroli halina tabu hiyo. Lolote utakalotumia, usiliwashe ndani ya hema au gari lililofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu. King'ora chake kiwe ndani, hata kama hita imefungwa na fundi.

Mawasiliano yawe mawili yasiyotegemeana: kifaa cha ujumbe wa setilaiti, na kinara cha dharura cha masafa ya 406 MHz kilichosajiliwa kwa jina lako. Cha kwanza betri yake ikiishiwa kwa baridi, cha pili kipo. Mtu mmoja anayeaminika abaki na njia yako, sehemu za kugeukia, namba na rangi ya gari, idadi ya watu na dawa wanazotumia. Mkubaliane salamu mbili kwa siku, asubuhi na mkifika kambini. Ikikosekana moja, anajaribu kukutafuta. Zikikosekana mbili mfululizo, anapiga namba ya uokoaji uliyomwandikia, bila kusubiri kuona kama utajitokeza. Nanyi mbaki na gari, kwa sababu kutoka angani gari huonekana mapema kuliko mtu anayetembea.