Binti yetu anaanza darasa la kwanza hapa hapa mtaani

Haya, imeisha. Jina la binti yetu limeshaingia kwenye daftari la uandikishaji, Januari anaanza darasa la kwanza shule ya serikali ya hapa hapa mtaani kwetu Kinyerezi, kayumba kama watu wanavyoziita, na nimeamua niandike leo wakati mambo bado mabichi kichwani, maana tangu tuseme nimeulizwa na kila mtu, shangazi yake kapiga simu kutoka Moshi, jamaa wa kazini, hadi mama wa genge, na swali ni lile lile, kwani hela ya ingilishi midiamu imekosekana?

Tungejibana ingepatikana. Nalisema mapema ili lisije likaonekana ndo sababu. Shule tuliyokuwa tumeipenda ada yake ni 1,800,000 kwa mwaka, unalipa kwa awamu nne, basi la shule mbali, na mama yake ni nesi, mimi nipo duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, tungekaa chini tukapiga hesabu ikawezekana. Kilichoamua kwetu ni saa anayoamka mtoto.

Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja kasoro kuikwepa foleni ya Tabata, na miaka yote hii njiani nakutana na mabasi ya njano. Kuanzia Kifuru, Kinyerezi, Segerea, mpaka huko Barakuda, giza bado, kila kona utamkuta dada wa kazi kashika begi na chupa ya maji, na katoto pembeni kamelala huku kamesimama kabisa, kichwa kimeegemea kwenye kiuno cha dada. Basi likifika wanabebwa wanapandishwa. Ukichungulia ndani wamelala wote, shingo zimelegea, wengine midomo wazi. Kabla sijapata mtoto nilikuwa naona kawaida tu, ndo Dar ilivyo. Alivyofika miaka mitano nikaanza kuwaangalia vizuri wale watoto, na nikawa namuona wa kwangu mle ndani.

Sasa tulipoenda kuulizia ile shule, yule anayesimamia mambo ya usafiri alituambia vizuri tu bila kuficha, kwa vile sisi tupo mwanzo wa ruti mtoto atachukuliwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri na kurudishwa ni kwenye saa kumi na moja jioni, inategemea foleni. Nikamwangalia mama yake, mama yake akaniangalia. Alfajiri hadi jioni, mtoto wa miaka sita. Tuliporudi nyumbani mama yake akaanza kunielezea mambo ya kazini kwao, kwamba mtoto wa umri ule anatakiwa apate usingizi wa masaa tisa hadi kumi na mawili kwa siku, sio tu asisinzie darasani, hata kukua kwenyewe na kushika anachofundishwa kunategemea usingizi. Hesabu ikawa rahisi sana. Ili aamke saa kumi na nusu alale vya kutosha, saa moja na nusu usiku awe kitandani. Mimi nafika nyumbani saa mbili. Yani baba angekuwa anamuona mwanae Jumapili, na huyo mtoto tungekuwa tunaishi naye kama mpangaji.

Kuna rafiki alisema basi mpelekeni bweni, mtapumzika wote. Kwanza serikali ilishakataza bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne tangu 2023, na nashukuru ilikataza. Mtoto anayeng'oka meno ya mbele anatakiwa amuonyeshe mama yake lile jino. Na barabarani nako mzazi huna amani, toka ile ajali ya Karatu Mei 2017 iliyochukua wanafunzi 32 na watu wazima watatu waliokuwa nao, mimi basi la shule likinipita kwa spidi moyo unakaa vibaya, na najua sio mimi peke yangu.

Sasa lugha, hapa ndo tumebishana sana na shangazi yake na bado hatujamaliza. Yeye anasema sekondari yote ni Kiingereza, mtoto wa kayumba akifika fomu wani anakuwa bubu darasani, unamtesa mtoto kwa kuogopa foleni. Sio hoja ndogo hii, mimi mwenyewe nilisoma kayumba na ile fomu wani naikumbuka, mwalimu wa baiolojia anaongea sisi tunakopi ubaoni kama tunachora. Na kwa sera mpya ya elimu toleo la 2023 shule ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, maana yake fomu wani inakuja mapema zaidi. Sijaidharau hiyo hofu hata kidogo.

Ila nimemuona pia mtoto wa ndugu yangu, yuko darasa la pili ingilishi midiamu moja, anasoma aya nzima bila kukwama, sauti nzuri, matamshi mazuri, ukimuuliza hapo wamesema nini anakaa kimya anakuangalia. Anasoma sauti, habari yenyewe hajaipata. Zipo ingilishi midiamu nzuri tena nyingi, walimu wao wanajua kumvusha mtoto taratibu, sizungumzii zote. Ila wangu nataka siku ya kwanza anayofanikiwa kusoma sentensi aielewe, acheke kama inachekesha. Kiswahili ndo lugha anayoota nayo. Na ndo lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali tangu 1967, halafu darasa la kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na hizo akizishika kwenye lugha yake atazihamishia kwenye lugha nyingine yoyote, hiyo ndo imani yangu na nasimama nayo. Kiingereza kwa mtaala mpya ulioanza 2024 kinafundishwa kuanzia darasa la kwanza kama somo, na nyumbani mama yake ameshaanza kumsomea vitabu vya hadithi vya Kiingereza vyenye picha kubwa, kila wikiendi, taratibu. Tutakiongeza kila mwaka mpaka afike huko fomu wani akiwa na cha kuongea.

Intavyuu ya ile shule nyingine nisiseme sana maana mama yake bado roho inamuuma. Fomu tulilipia 30,000, mtoto akaingizwa ofisini peke yake, akaambiwa asome sentensi ya Kiingereza na aandike namba mpaka mia. Mtoto ambaye tunampeleka shule ili akafundishwe hivyo vitu. Alitoka kanyamaza, njia nzima hakuongea, usiku ndo akamuuliza mama yake, "mama, mimi sina akili?" Kama kuna mwenye shule anasoma hapa namuomba sana alifikirie hili.

Huku kwetu uandikishaji ulianza Oktoba, tangazo likabandikwa getini na mjumbe akapita kusema. Unaenda na kopi ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za mtoto, namba za simu za wazazi, wanauliza kama alisoma awali na kama ana tatizo lolote la kuona, kusikia au la viungo, wanaandika, basi, hulipi kitu. Wazazi ambao hamna cheti msisubiri Desemba, maombi yanafanyika kwa mtandao kupitia eRITA, mfumo wa RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, lakini karatasi za kuambatanisha zinaweza kukuzungusha, anza mapema.

Na usiishie ofisini, omba uingie madarasani. Mimi niliomba na mwalimu mkuu akakubali, na nilichokiona nakisema chote. Watoto ni wengi. Kiwango cha serikali ni watoto 45 darasa moja, lile nililoingia wamepita sana, dawati moja watatu, kuna la wanne, na kuna wengine wanaingia zamu ya mchana sababu vyumba havitoshi. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 wazazi tulileta watoto wengi kuliko madarasa yaliyokuwepo, na ujenzi unaendelea lakini watoto nao wanazaliwa. Hili ndo linaloninyima usingizi kuhusu uamuzi wetu, sio Kiingereza. Mwalimu mmoja atamfikiaje kila mmoja? Vyoo nilienda kuangalia pia, vya wasichana vina milango na maji yapo, nikapumua. Matokeo ya darasa la saba ya shule yetu niliyatafuta kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, ni ya katikati, sio ya kujisifia wala sio ya kutisha.

Halafu nikakutana na mwalimu wa darasa la kwanza. Mama mtu mzima, chaki mpaka kwenye nyusi. Ukuta mzima kabandika silabi alizoandika mwenyewe kwenye maboksi yaliyokatwa, ba be bi bo bu, na ana kapu la vizibo vya soda vya kuhesabia. Binti yangu hakuulizwa swali la mtihani hata moja. Mwalimu alichuchumaa akampa vizibo, akamwambia nipangie hivi vyekundu peke yake, wakawa wanaongea wao wawili mimi nimesahaulika mlangoni. Baadae akanigeukia, "Baba, jioni nani anakaa na mtoto?" Nikamwambia, ni mama yake akiwa hana zamu ya usiku, na mimi kuanzia saa mbili. Akasema basi hata robo saa inatosha, kila siku, wewe mwenyewe, usimwachie dada. Akaniambia wazi kwamba na wale watoto wote hawezi kumshika mkono kila mmoja, anahitaji mzazi amalizie nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwenye zile ofisi zenye kapeti.

Hiyo robo saa tunayo. Shule ni kutembea dakika chache, ataamka saa kumi na mbili asubuhi akiwa kashiba usingizi, na watoto wa darasa la kwanza mchana wanakuwa wameshatoka.

Kilichobaki ni barabara. Kuna sehemu moja lazima avuke lami na bodaboda pale hawana huruma, hilo tumeongea na jirani ambaye kijana wake yuko darasa la tatu shule hiyo hiyo, wiki ambazo mama yake ana zamu ya asubuhi jirani anawavusha wote wawili, wiki nyingine sisi ndo tunavusha. Kwa upande wa uji wa watoto shuleni, mkutano wa wazazi umepangwa wiki ya kwanza shule ikifunguliwa na nimeomba ruhusa kazini niwepo, nataka niulize pia sisi wazazi tunaweza kuchangia vipi madawati ya darasa la kwanza, sio kwa kulazimishana, kwa wenye uwezo. Sare fundi kashachukua vipimo, sketi mbili za bluu, mama yake kamwambia aache upindo mrefu chini maana huyu mtoto anarefuka, viatu tutanunua mwisho kabisa.

Wazazi wenye watoto kwenye darasa kubwa kama hili, niambieni nyumbani mnafanya nini na hiyo robo saa, mnaanza na kusoma au mnaanza na hesabu?