Boriti za Nyumba ya Bibi

Nyumba yetu ya Lamu haina chumba hata kimoja chenye upana unaozidi mita 3. Wageni huingia msana, yaani ukumbi wa mbele, wakatazama kulia na kushoto, wakastaajabu kukuta chumba kirefu chembamba kama ushoroba, na wengi hudhani kwamba waliojenga walibanwa na nafasi. Waliobanwa kweli walibanwa na mti. Dari ya nyumba za mawe za Lamu hulazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ikizidi urefu huo haiwezi kuhimili uzito wa matumbawe na chokaa vilivyo juu yake. Ukoo uliokula kwa kuuza boriti ng'ambo uliishi pia ndani ya kipimo cha boriti, na ndiyo maana ninapoulizwa habari za wazee wetu huanza kwa kuonyesha dari.

Wazee wa bibi mzaa mama walikuwa watu wa vyombo. Mikoko ilikatwa katika mikono ya bahari iliyo kaskazini ya kisiwa, hasa na Wabajuni, ikatengwa kwa unene kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, kisha ikahesabiwa kwa korija, yaani miti 20 kwa kila fungu. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hivi, majahazi ya Oman na ya Ghuba yaliteremka na tende, chumvi, mazulia na mitungi. Kusi ilipoanza mwezi wa Aprili, kabla haijakaza na kuifunga bahari, yalirudi yakiwa yamelemewa na miti. Nyumba nyingi za kale za Muscat na Kuwait ziliezekwa kwa miti ya pwani yetu, nazo pia zina vyumba vyembamba kama vyetu. Jahazi letu wenyewe halikwenda mbali hivyo. Lilishuka Mombasa na Unguja, likapanda hadi Kismayu, na kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya na kusambaza kile ambacho vyombo vikubwa vilileta na kuchukua.

Kimebaki kitabu kimoja cha hesabu cha baba yake bibi, kilichoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mchwa wamekula pembe yake ya chini, kwa hiyo jumla za karibu kurasa zote zimepotea na kilichosalia ni korija baada ya korija zisizofika mwisho. Nilipokisoma mara ya kwanza nilitarajia faida; nilichokuta ni madeni. Alimkopesha nahodha tanga, akamkopesha fundi sifa, yaani mafuta ya papa, na chokaa za kupaka jahazi chini ya maji, akamwachia mgeni wa Kiarabu mzigo wote mpaka msimu ujao. Bila kuaminiana namna hiyo biashara isingekwenda, kwa sababu mnunuzi akishaondoka na kusi humwoni tena mpaka kaskazi irudi.

Ndiyo maana nyumba ilikuwa na sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na vyumba vya familia na kuwa na choo chake. Mfanyabiashara aliyekuwa akisubiri pepo zigeuke alilala humo wiki nyingi, akala chakula cha nyumba hii, na asiwaone wenye nyumba wa kike hata siku moja. Kwa ndani zaidi ndiko kulikokuwa na kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vidaka vyote vya nakshi vilivyo ukutani: birika la choo. Chini kabisa ya birika mafundi walizamisha bakuli la kaure ndani ya chokaa, na samaki wadogo wakafugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki hukimbilia kwenye bakuli, ambamo hubaki kiasi cha kuwaweka hai mpaka birika lijazwe tena. Bakuli letu lina ufa mmoja na ua la buluu lililofifia. Lilivuka bahari nzima likaja kuwa kimbilio la samaki wa urefu wa kidole.

Mambo haya tulisimuliwa tangu utotoni kwa maneno ya aina moja: babu alijenga, babu alisafirisha, babu alinunua. Sasa nayasikia maneno hayo kwa sikio jingine. Mashamba ya bara, ng'ambo ya kisiwa, yalilimwa na watumwa mpaka utumwa ulipopigwa marufuku katika eneo hili mwaka 1907, na sioni sababu ya kuamini kwamba matumbawe ya nyumba kubwa za mji yalikatwa na kubebwa na mikono mingine. Katika kitabu cha hesabu nahodha ana jina, fundi ana jina, hata jahazi lina jina. Wapakizi hawana.

Kuna wengine pia ambao kitabu hakiwataji, nao ni wanawake, ilhali nyumba ilikuwa yao. Kwa desturi ya Lamu baba mwenye uwezo humpa binti yake nyumba anapoolewa, au humjengea orofa juu ya ile aliyozaliwa, au humvukisha njia kwa wikio, yaani daraja la juu ya njia, na kumjengea upande wa pili, na mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo jahazi lilipita kwa wanaume na nyumba ikapita kwa wanawake. Mume akifilisika kwa sababu ya chombo kilichozama, mdai hakuwa na njia ya kuufikia mlango huu. Bibi alipenda kusema kwamba wanaume wa ukoo wake walipoteza kila kitu walichokuwa nacho, na kwa bahati njema nyumba haikuwa miongoni mwa vitu walivyokuwa navyo.

Walivipoteza polepole. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliipeleka biashara ya bara kusini, mbali nasi. Baadaye mafuta yaliitajirisha Ghuba, saruji na nondo zikachukua nafasi ya boriti, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi. Jahazi letu lilikuwa limeshauzwa. Kilichobaki ni kipande cha foromali yake, yaani mti wa kufungia tanga, kilichowekwa chini ya ngazi na kutumiwa kuanikia mikeka.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia, na nyumba za aina yetu hurekebishwa kwa matumbawe, chokaa na boriti. Nakubaliana na hilo, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa na kuubomoa taratibu. Lakini masika ya 2018 boriti moja ya ndani ilipasuka, katika mwaka uleule serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Wajukuu wa wauza boriti tukazunguka mji mzima tukitafuta boriti moja. Hatukuipata. Mjomba akaenda chini ya ngazi, akaondoa mikeka, akaupima ule mti wa foromali kwa mkono wake, akaukata kidogo upande mmoja na kuusimamisha chini ya ufa. Bado umesimama hapo, na tundu la kamba ya tanga liko usawa wa jicho langu.